Kijana Aliyerudi Rujewa Kwenye Jeneza

 

Leo naomba tuanzie jikoni. Ule mchele tunaoupikia pilau la harusi, ule ambao mwenye duka akikwambia "huu wa Mbeya" unajua kabisa bei si ya kawaida, mwingi unatoka bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Mimi naujua kwa sababu nimezaliwa upande huo. Marehemu baba alikuwa mtu wa Mbeya mjini, mama ni Mhehe wa Iringa. Nimesoma Mbeya mpaka kidato cha nne, nikajifunza kushona hukohuko, ndipo nikaolewa na kuhamia Unguja. Mpaka leo nikisema "shule" wateja wangu hunicheka, wanataka niseme "skuli". Duka langu ni la sare na mabuibui, lakini cherehani peke yake haifiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka napanda boti, halafu basi, nakwenda kuwaona watu wangu, na nikirudi narudi na mchele.

Basi likitoka Mbeya kuelekea Iringa linapita Uyole, Igurusi, Chimala, na kabla hujafika Igawa kuna njia ya kuingia Rujewa, ndiyo makao makuu ya Mbarali. Mji mdogo, jua lake kali kuliko la Mbeya mjini kwa kuwa uko bondeni. Zamani nikipita hapo nilikuwa nawaza magunia tu. Tangu Januari 2023 namuwaza kijana mmoja aliyezikwa huko, Nemes Tarimo, aliyeuawa vitani Ukraine.

Najua wengi mmeshaisahau habari hii, maana simu zetu hazikai na msiba zaidi ya siku tatu. Naomba niikumbushe kidogo, halafu nitasema kwa nini imenikaa rohoni.

Nemes alikuwa rika langu, mtu wa miaka ya thelathini. Mwaka 2020 alikwenda Urusi kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha teknolojia kule Moscow. Kabla ya hapo alikuwa mwanachama wa CHADEMA, na mwaka huohuo alitaka kugombea ubunge jimbo la Kibamba, Dar es Salaam. Nayataja haya kwa sababu ukisikia kijana wa Kitanzania amefia vita vya watu, unamfikiria mtu asiyejua kusoma aliyedanganywa na pipi. Huyu alikuwa msomi, mwenye ndoto za kuwaongoza wengine. Machi 2022 alihukumiwa hukohuko Urusi kifungo cha miaka 7 kwa kosa la jinai. Akiwa gerezani alipewa njia ya kutoka: ajiunge na Wagner, lile kundi la wapiganaji wa kulipwa, apelekwe Ukraine, alipwe fedha, na akimaliza awe huru. Akakubali. Tarehe 24 Oktoba 2022 akauawa. Hayo si maneno ya barazani, aliyaeleza Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Dkt. Stergomena Tax, mbele ya waandishi wa habari. Akakumbusha pia kwamba sheria zetu hazimruhusu Mtanzania kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Mwili ulifika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere tarehe 27 Januari 2023, ukapelekwa Mbeya, ukazikwa Rujewa.

Miezi mitatu baina ya kufa na kuzikwa.

Wakati huo nilikuwa Mbeya. Nilikwenda kwa ajili ya mzigo, na kila nilipokaa, habari ilikuwa hiyo. Soko la Mwanjelwa pale, wauza mitumba, wauza viazi, makonda wa daladala, wote walikuwa na ile video iliyosambaa, kundi lile linamfanyia kumbukumbu kwa mila zao, picha yake imewekwa mbele na mishumaa. Kijana wa kwetu, mahali pa baridi, watu hawamjui jina vizuri. Mbeya iko karibu na Zambia, na huko walikuwa wamepata msiba wa namna hiyohiyo mwezi uliotangulia. Mwanafunzi wao Lemekhani Nyirenda naye alifungwa Urusi, naye akatolewa gerezani kwenda vitani, naye akarudishwa Lusaka Desemba 2022 akiwa maiti. Kwa hiyo madereva wa malori wa Tunduma walikuwa na hadithi mbili za kulinganisha, na kila mmoja alikuwa hakimu.

Mmoja akasema alikitafuta, kimempata. Mwingine akasema ni shujaa, amekufa kiume, heri huyo kuliko kuozea jela. Wa tatu akauliza familia imelipwa kiasi gani. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja muuza mchele, mteja wangu wa miaka, namsubiri kijana wake anipimie. Yule mama alikuwa anapepeta tu, hasemi. Walipozidi akaweka ungo chini akawaambia: "Nyie mnaongelea mtu mkubwa. Mwenziwenu aliyemzaa anaongelea mtoto." Kisha akaendelea kupepeta.

Sikuongeza neno, ila maneno yale nimerudi nayo mpaka Unguja.

Sasa dada zangu, nilipoyasimulia haya dukani kwangu, mteja mmoja akaniambia, "Lakini huyo si mwenzetu, jina tu linakwambia." Hakusema kwa ubaya, ni mtu mwema, alikuja kupima buibui la hija. Nikamkumbusha kisa ambacho sote tumesomeshwa madrasa. Jeneza lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama. Wakamwambia kwamba ni la Myahudi. Akawauliza, kwani hiyo si nafsi? Na tumesomeshwa vilevile kwamba tusiwatukane waliokufa, kwani wameshafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Mambo ya nani aombewe dua gani tuwaachie masheikh, mimi ni fundi cherehani. Lakini kusimama, na kutoa pole, na kuuzuia ulimi, hayo hayahitaji fatwa.

Na mimi maiti nazijua kwa njia yangu. Mtaani kwetu akifariki mwanamke, mara nyingi wanakuja kwangu kwa sababu nina mkasi mkubwa na meza ndefu. Bafta inakatwa, vipande vitano kwa mwanamke, vitatu kwa mwanamume, na cherehani haiguswi. Nakata huku nimenyamaza. Kazi ya dakika chache, lakini ukiifanya unafahamu kwamba kumzika mtu ni kazi ya mikono. Huyu anakata, huyu anaosha, huyu anachemsha maji, huyu anachimba, huyu anapika uji wa wafiwa. Kwetu Waislamu tunaharakisha, aliyefariki alfajiri adhuhuri hayupo. Ndiyo maana miezi ile mitatu ilinitisha. Tangu Oktoba mpaka Januari mwili wa kijana uko mikononi mwa watu waliomtumia, na nyumbani hakuna wa kukata kitambaa wala wa kuchemsha maji. Unalia nini? Unalia picha kwenye simu.

Nilipofika Iringa safari ileile, nikamweleza mama. Mama anakaa Kihesa, ni mtu wa maneno machache, ukimwamkia "kamwene" anaitikia na kukuangalia usoni kwanza kama umekonda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wahehe tulisubiri kichwa miaka hamsini na sita."

Kwa wasomaji wa visiwani ambao historia ya skuli imewatoka, nieleze. Mtwa Mkwawa alipigana na Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, karibu na Iringa, watu wake walimuua kamanda wao Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya msafara wake. Kambi ya jeshi ya Lugalo kule Dar es Salaam inachukua jina kutoka vita hivyo. Mwaka 1898, alipozingirwa, Mkwawa akajiua asikamatwe, na Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia suala la fuvu lile likaandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe. Halikurudi mpaka 1954, Gavana Twining alipolileta kutoka Bremen akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Liko Kalenga hadi leo, kwenye makumbusho. Tulipelekwa kuliona tukiwa darasa la tano, nilipokuwa naishi kwa bibi Iringa mwaka mmoja. Wenzangu waliogopa wakakimbilia nje. Mimi nakumbuka nilijiuliza tu mwili mwingine uko wapi.

Mama hakuwa anamlinganisha Nemes na Mkwawa, tafadhali tuelewane. Mmoja alilinda nchi yake, mwingine alipelekwa kwenye nchi ya watu. Alichokuwa anasema ni kwamba watu wa upande wetu wanajua maana ya mtu wenu kubaki mikononi mwa jeshi la kigeni, na mnajua hamtapumzika mpaka arudi, awe alikuwa mfalme au alikuwa mfungwa.

Na jambo jingine kuhusu Iringa. Pale mjini kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Jumuiya ya Madola. Majani yamekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari kama sare za wanafunzi. Waingereza waliichukua Iringa Agosti 1916, na vita vile vilipita nyanda zetu zote za juu. Waliokufa wengi kuliko wote hawakuwa wenye bunduki, walikuwa wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo, wakafa kwa maelfu kwa njaa na homa ya kuhara, na jiwe hawana. Kariakoo ya Dar es Salaam inaitwa hivyo kwa ajili ya kikosi chao. Kila mara nikienda Kariakoo kununua vitambaa nawakumbuka, halafu mtu ananikanyaga mguu nasahau. Kuwatoa watoto wa huku kwenda kufa katika ugomvi wa wakubwa hakukuanza na Wagner.

Labda mtaniuliza, je, wale wetu wa Semuliki? Nawakumbuka, na wengi wenu mnawakumbuka zaidi yangu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa pale Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa jioni, na wanajeshi wetu 14 wakauawa. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Walikuwemo watoto wa Unguja na Pemba. Wakati ule nilikuwa nashona sare za skuli za Januari, redio iko wazi, nikazima cherehani. Wale walitumwa na nchi yao, wamevaa bendera yao begani, wamekwenda kuwalinda wanakijiji wasichinjwe. Walirudi na bendera juu ya jeneza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wapo ndani ya hesabu, pamoja na wa Kagera na wengineo.

Nemes hayumo katika hesabu hiyo, na mimi sidai aingizwe. Hili nataka nilisema wazi kwa sababu kuna watu wakikuona unamhurumia mtu wanadhani unamtetea. Vita vile Urusi ndiyo iliyovuka mpaka ikaingia Ukraine Februari 2022. Kila aliyebeba bunduki upande ule alikuwa anaelekezwa kwa watoto wa mama wengine, walio nyumbani kwao. Kama Nemes alimpiga mtu au hakumpiga, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakupelekwa kule kupanda miti. Kumwita shujaa ni kumpaka rangi ambayo yeye mwenyewe hakuiomba. Mmoja wa jamaa zake aliiambia BBC kwamba Nemes aliwaarifu nyumbani kuhusu kujiunga, na yeye akamshauri asikubali. Jibu lake lilikuwa kwamba anajiunga ili apate kuwa huru. Hakutaja taifa, hakutaja dini, hakutaja ushujaa. Alitaka kutoka jela.

Na mlango aliofunguliwa ulikuwa wa namna gani? Mkubwa wa Wagner, Yevgeny Prigozhin, alikuwa anapita magerezani mwenyewe. Septemba 2022 ilitoka video amesimama kwenye uwanja wa gereza anawaambia wafungwa: miezi sita, ukipona hurudi tena jela. Lakini ukishafika ukasema umebadili mawazo, unahesabiwa mtoro na utapigwa risasi. Marekani ilikadiria kwamba kundi lile lilikuwa na wafungwa wapatao 40,000 kule Ukraine. Kwa mtu mwenye miaka saba mbele yake, ugenini, lugha si yake, baridi si yake, na hakuna wa kumletea hata chapati siku ya kutembelea wafungwa, miezi sita inaonekana kama rehema. Mimi siwezi kumcheka. Prigozhin naye hakukaa sana, Agosti 2023 ndege yake ilianguka, wakafa wote waliokuwamo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike leo, maana mpaka hapa mnaweza kusema hii ni historia.

Nina mdogo wangu wa mwisho, tumepishana miaka kumi na mitatu. Baba alipofariki alikuwa bado mdogo, mimi ndiye niliyemlipia ada. Alimaliza kidato cha sita, akakosa mkopo wa chuo, akaendesha bajaji ya mtu pale Mbeya. Mwaka jana mwezi wa Shaabani akanipigia simu ana furaha, sauti imejaa. Amepata kazi Urusi. Kulinda ghala. Dola elfu mbili kwa mwezi, nyumba bure, na baada ya mwaka mmoja uraia. Tiketi wanalipa wao. Kilichobaki ni yeye kutia saini na kutuma picha ya pasipoti, na wakala amesema nafasi ni chache.

Pasipoti anayo, nililipia mimi, shilingi 150,000, kwa sababu tulikuwa na mpango aje kuchukua mizigo Dubai pamoja nami.

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima cha Iringa mwezi wa Juni. Lakini sikupiga kelele. Nilimwambia anitumie mkataba. Akanituma. Kurasa nane, herufi zote za Kirusi, mahali pa saini pamewekwa alama. Nikamuuliza umeelewa nini humu. Akasema wakala amemweleza. Nikamuuliza wakala ana ofisi wapi. Akasema Telegram.

Dada zangu, sisi wa visiwani mawakala tunawajua. Wasichana wetu wangapi wamekwenda Oman kwa mkataba walioelezwa mlangoni? Wapo waliorudi wamejenga, alhamdulillah, na wapo ambao mama zao walisubiri simu mwaka mzima. Kwa hiyo nilijua pa kushika. Nilimwambia mdogo wangu asibishane na huyo wakala, amuulize maswali tu, kwa heshima kabisa. Mwajiri anaitwa nani na yuko mji gani. Leseni ya serikali yetu ya kupeleka wafanyakazi nje iko wapi. Mkataba wa Kiswahili au hata wa Kiingereza upo? Nikitaka kurudi baada ya miezi miwili, ninaruhusiwa, na nani analipa? Na nikifa huko, mwili wangu unarudishwa na nani. Hilo la mwisho alikataa kuuliza. Akasema, "Dada unaniombea mabaya."

Tukagombana. Alinitolea maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka. Alisema, "Wewe ulitoka Mbeya ukavuka bahari ukaenda kwa watu usiowajua, nani alikuzuia? Umepata duka, umepata nyumba, sasa mimi nikae na bajaji ya mtu mpaka lini?" Na ni kweli. Mimi nilitoka. Nilikuja Unguja na begi moja na mkasi, sina ndugu hata mmoja, na bahari nilikuwa sijaiona. Ningekaa Mwanjelwa ningekuwa napindisha suruali za mitumba hadi leo. Siwezi kumwambia kijana asitamani. Tofauti niliyoiona ni moja tu, kwamba nilipokuja huku ningeweza kupanda boti kesho yake nikarudi kwa mama, hakuna ambaye angeniita mtoro. Nilimwambia hivyo. Hakunijibu, alikata simu.

Nikampigia mama. Mama hakumpigia kelele wala hakumlilia. Alipanda basi la asubuhi kutoka Iringa, saa zote zile na magoti yake yale, akashuka njia panda ya Rujewa, akampigia simu mwanawe amfuate pale. Kwa nini Rujewa na si Mbeya mjini, mimi sikumwambia. Alilipanga mwenyewe. Mdogo wangu akaenda, na walichozungumza pale kibandani mimi sikijui, wala mama hajanisimulia. Ninachojua ni kwamba jioni wote wawili walilala Iringa, na kwamba yule wakala alipotumiwa maswali manne ya kwanza alijibu moja, "utaelezwa ukifika", kisha akaacha kujibu.

Kwa wenye mabinti, msidhani haya ni ya wavulana tu. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza kuhusu mradi wa Alabuga, kule Tatarstan ndani ya Urusi, unaotafuta wasichana wa miaka 18 mpaka 22 kutoka nchi za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya. Matangazo yalisema kazi za mapishi na ukarimu na masomo juu yake. Wengi wakakuta kazi ni kuunganisha droni za vita, na kushika kemikali zinazochubua ngozi. Eneo hilo lilishapigwa na droni za Ukraine Aprili mwaka huohuo, na watu katika bweni wakajeruhiwa. Binti yako akikuonyesha tangazo lenye picha nzuri za maabara nyeupe na umri umetajwa kwa mstari namna hiyo, soma naye, usimfokee. Ukimfokea atalisoma peke yake.

Novemba 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Wakenya zaidi ya 200 wanaaminika kuwa wameingizwa kupigana upande wa Urusi, wengine wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida kabisa. Siku ile mdogo wangu alinitumia hiyo habari kwenye simu. Hakuandika neno hata moja. Nami sikuandika neno, nikamtumia fedha ya vocha.

Bado anaendesha bajaji, ila sasa ni yake nusu, nusu yangu, tunakatana kila Ijumaa na hesabu zake si nzuri sana. Bado ana hasira kidogo na mimi, naijua kwa namna anavyosema "sawa dada". Kila nikienda Mbeya ananipeleka sokoni kuchukua mzigo kwa yule mama muuza mchele, na tukirudi Iringa pamoja, basi likipita njia panda ya Rujewa huwa anaangalia upande wa pili, kwenye mashamba.

Pasipoti iko kwa mama, Kihesa, kabatini chini ya kanga zake za sikukuu. Mdogo wangu aliiacha pale siku ile, hajaiomba, na mama hajamficha ilipo. Ni ya miaka kumi. Ina miaka minane mbele yake.